Springi ya Iowa: jinsi ya kusoma utabiri na kupanga wiki yako bila kuumbuka

Kila ikifika mwezi wa tatu watu waliofika karibuni huku Iowa wanauliza, jamani baridi imeisha? Haijaisha. Itaisha Jumatatu, itarudi Jumatano, Ijumaa mtavaa kandambili, Jumapili mkitoka kanisani mnakuta theluji kwenye vioo vya gari, na hiyo ndo springi yenyewe, msimu wa kati ya baridi na joto, inaenda hivyohivyo mpaka katikati ya mwezi wa tano. Sisi tuliokulia Kigoma, Uvira au Bukavu tumezoea msimu ukiingia umeingia, mvua zikianza unajua ni miezi, kiangazi kikifika mwamvuli unaenda uvunguni. Huku ukipanga hivyo utaumbuka. Kwa hiyo leo naandika namna ya kusoma utabiri wa hewa wa hapa, ule wa kesho na ule wa siku zijazo, maana naona wengi wetu tunaangalia kale kapicha ka jua kwenye simu, tunaona 75, tunatoka na tisheti, jioni tunatetemeka kituo cha basi.

Nimeandika kwa watu wa Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, Waterloo na huko karibu. Ukiwa Omaha, Moline au Kansas City mambo ni karibu yaleyale.

Kwanza elewa upepo

Chukua ramani ya Marekani uangalie. Kutoka Canada kushuka mpaka Ghuba ya Mexico, hapa katikati hakuna mlima wa kuzuia hewa. Milima ya Rocky iko magharibi na imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo hewa baridi ya kaskazini na hewa ya joto ya kusini zote zinafika kwetu bila kizuizi. Mwezi wa nne kule Canada bado kuna theluji chini, huku Ghuba maji yameshaanza kupata joto na jua la hapa limeshakuwa kali, basi zile hewa mbili zinapishana juu ya vichwa vyetu kila baada ya siku chache. Pale zinapokutana ndo panaitwa fronti. Fronti ya baridi ikipita, joto linaweza kushuka nyuzi 30 za hapa ndani ya masaa machache, na wala sio ajabu, ni jambo la kila springi.

Kwa hiyo ukitaka kujua siku itakuwaje, kabla hujaangalia joto angalia upepo unatoka wapi. Ukitoka kusini, joto linapanda na unyevu unakuja. Ukigeuka ukatoka kaskazini-magharibi, hewa ya Canada imefika, vaa. Ukitoka mashariki na mawingu yamejaa, tegemea siku ya kijivu yenye manyunyu ambayo haipandi joto hata jua likiwa linatakiwa kuwaka. Hii peke yake, hata usiposoma kitu kingine kwenye haya niliyoandika, itakusaidia kuliko ile picha ya jua.

Na nyuzi za Fahrenheit zisikusumbue. Toa 30, gawa kwa 2, umepata Celsius ya kukadiria. 50 ni kama 10, 70 ni kama 20 na ushee. 32 ndo maji yanaganda, hiyo ikariri kama namba yako ya simu.

Wapi pa kuangalia

App ya hewa iliyokuja na simu sio mbaya lakini inakupa namba moja ya siku nzima, na kwa springi namba moja ya siku nzima ni uongo wa nusu. Mimi naenda weather.gov, ni ya idara ya hewa ya serikali, National Weather Service, bure, haina matangazo. Unaandika zipu kodi au jina la mji juu kushoto, inakuletea siku 7, mchana na usiku umetenganishwa. Watu wa Des Moines na Waterloo utabiri wao unaandikwa na ofisi iliyoko Johnston, wa Cedar Rapids na Iowa City unatoka ofisi ya Davenport, ambayo wao wanaiita Quad Cities. Kujua ofisi yako kunasaidia, utaona baadaye.

Sasa shuka chini kwenye huo ukurasa, kuna kigrafu kidogo kimeandikwa Hourly Weather Forecast. Kibonyeze. Hapo ndo kwenye mali. Mstari mwekundu ni joto saa kwa saa, wa kijani ni dew point, yaani unyevu uliomo hewani, chini yake kuna upepo na unakotoka, halafu mvua, radi, theluji, kila kitu kwa saa yake. Mwanzoni macho yatauma, ukizoea ni dakika moja tu.

Ngoja tusome siku moja pamoja, tuseme Jumanne ya katikati ya mwezi wa nne. Juu imeandikwa 78, na picha ya jua na wingu. Unafungua grafu. Saa moja asubuhi ni 46, watoto wanasubiri basi la shule hapo, kwa hiyo koti. Upepo kusini-mashariki, maili 10 kwa saa, hauna neno. Saa sita mchana upepo umehamia kusini, maili 20, na ile misukumo ya ghafla inafika 35, joto 74, na mstari wa kijani umepanda kutoka 45 mpaka 61. Hapo simama. Mstari wa kijani ukivuka 60 mwezi wa nne maana yake hewa ya Ghuba imefika, utaisikia mwilini, ngozi inanata kama uko Dar, na hiyo ndo chakula cha radi. Saa kumi jioni 78, ndo ile namba uliyoiona, na inakaa kama masaa mawili tu. Saa kumi na mbili jioni mvua na radi 70%. Saa mbili usiku upepo umegeuka kaskazini-magharibi, maili 25, joto 52. Alfajiri 36.

Ona sasa. Mtu aliyeangalia picha ya jua atampeleka mtoto mazoezi ya soka saa kumi na mbili na bukta, hana hata sweta kwenye gari, radi itampata uwanjani. Wewe uliyesoma grafu unajua mazoezi yatavunjika, unajua gari bora liwe limefunikwa, na unajua usiku hita itawaka tena. Siku ni ileile, 78 ni ileile.

Halafu kuhusu asilimia za mvua, maana hapa watu wanagombana bure. Mvua 40% haimaanishi itanyesha 40% ya siku, wala haimaanishi mvua ndogo. Ni nafasi ya kwamba hapo ulipo, ndani ya muda ulioandikwa, patadondoka walau inchi 0.01, yaani ya kulowanisha lami tu. Kiasi cha mvua ni habari nyingine kabisa, kina mstari wake. 90% inaweza kuwa manyunyu ya asubuhi nzima ambayo hata mwamvuli hufungui, na 30% ikawa wingu moja la radi lililomwaga inchi 2 kwako na kumuacha jirani mkavu.

Siku zijazo uziamini kiasi gani

Kwa springi mimi naenda hivi. Leo mpaka siku ya tatu naamini, napanga kabisa. Siku ya nne na ya tano naamini mwelekeo tu, kama inasema baridi inakuja basi inakuja, lakini saa ngapi hawajui bado. Siku ya sita na ya saba nazisikiliza kama tetesi za sokoni. Sababu ni ileile fronti. Wao wanaweza kujua kabisa kwamba fronti inakuja wikiendi, ila ikichelewa masaa 6 tu Jumamosi ya 75 inakuwa 50, au ya 50 inakuwa 75, kwa hiyo ukiona namba ya Jumamosi inarukaruka kila ukifungua simu usiseme hawa jamaa hawajui kazi, jua tu fronti itapita karibu na Jumamosi na hawajapata saa yake.

Ukiwa na shughuli kubwa, harusi, komunyo, nyama choma pale bustanini, kuna kitu wengi hawakijui. Kila ofisi inaandika maelezo marefu ya maneno, yanaitwa Forecast Discussion, yako chini ya ukurasa uleule. Ni Kiingereza chenye ufundi kidogo ila unaweza kukibandika kwenye programu ya kutafsiri, na humo mtabiri anasema wazi kama ana uhakika au hana, kwamba hapa modeli, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hewa, zinapingana, kwamba mvua ya Jumamosi inategemea fronti itasimama wapi. Hayo app haikuambii, app inakupa 60% na picha ya wingu basi.

Kupita siku ya saba nenda kwa Climate Prediction Center, nao ni haohao wa serikali. Wana ramani ya siku 6 mpaka 10, na ya siku 8 mpaka 14, zinabadilishwa kila siku. Rangi ya machungwa ni upande wa joto kuliko kawaida, bluu ni baridi kuliko kawaida, kwenye mvua kijani ni maji na kahawia ni ukavu. Sasa tahadhari, hizi ramani hazisemi joto litakuwa nyuzi ngapi, zinasema nafasi tu. Wanagawa mambo mafungu matatu, juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida, kila fungu linaanza na kama 33%. Kwa hiyo Iowa ikipakwa machungwa ya 40% maana yake mizani imeegemea kidogo upande wa joto, baridi haijafutwa. Ikipakwa 70% au 80% hapo sawa, wana uhakika wa maana.

Na hiyo kawaida yenyewe ni ngapi? Des Moines mchana wa mwezi wa nne kwa wastani ni kama 62, karibu 17 za kwetu, mwezi wa tatu kama 50, mwezi wa tano sabini na kitu. Wastani huo usikudanganye lakini, umepatikana kwa kujumlisha siku za 80 na siku za 40. Siku ya 62 kamili, yenye upepo mtulivu, ukiipata ombea.

Nguo na gari

Nguo sitasema sana, vaa tabakatabaka, koti la mvua jepesi lenye kofia ni bora kuliko mwamvuli kwa sababu upepo wa hapa unageuza mwamvuli ndani nje siku ya kwanza. Sweta moja ya kila mtoto ibaki kwenye gari mpaka shule zifungwe.

Gari ndo watu wanaliharakisha. Ile brashi ya theluji na kikwangua barafu usivitoe buti kabla mwezi wa nne haujaisha. Theluji ya mwezi wa nne inakuja na kuyeyuka mchana huohuo, lakini asubuhi saa kumi na moja unapoenda kazini haijui kama itayeyuka. Na ukiona jana mchana ilikuwa 45 na maji yanatiririka pembeni ya barabara, alfajiri ikawa 28, yale maji ni barafu na hayaonekani, hasa kwenye madaraja. Hiyo kuganda na kuyeyuka ndo inayochimba mashimo barabarani pia, kwa hiyo dimbwi ulilozoea kulipita juzi leo linaweza kuwa limemeza nusu tairi.

Mvua ya mawe ni kesi nyingine. Kama bima yako ni liability peke yake, ile ya kulipa hasara unayomsababishia mwingine, mawe yakipiga gari hulipwi hata senti, inayolipa ni ile inaitwa comprehensive. Muulize wakala wako kabla ya msimu, usimuulize kesho yake. Kama huna, basi siku ambayo utabiri unataja mawe tafuta pakingi ya ghorofa au paa lolote. Ila usisimame chini ya daraja la haiwei, watu wanafanya hivyo na wanasababisha ajali na kufunga njia, na kama ni tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli, pale chini upepo ni mkali zaidi.

Na barabara ikiwa imefunikwa na maji, rudi. Maji ya inchi 12 yanayokwenda yanaweza kulibeba gari dogo, inchi 6 zinamwangusha mtu mzima, na usiku huoni kama lami bado ipo chini yake au ilishachukuliwa.

Bustani: usidanganywe na wiki moja ya joto

Hapa najua nitasomwa na mama zangu. Kila mwaka mwisho wa mwezi wa nne inakuja wiki ya 75, maduka yamepanga miche ya nyanya nje, watu wananunua, wanapanda, halafu inashuka 30 usiku mmoja tu na asubuhi miche yote imekuwa myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Duka halijali, litakuuzia tena.

Gawa mbegu zako mara mbili. Sukuma wiki, kabichi, vitunguu, njegere, karoti, viazi mviringo, hivi vinavumilia baridi, mwezi wa nne weka ardhini bila wasiwasi, sukuma wiki wala haishtuki ikipata barafu kidogo. Nyanya, pilipili, bamia, maharage, maboga na mchicha subiri katikati ya mwezi wa tano. Mchicha watu wanauharakisha sana kwa sababu ya hamu, naelewa, ila mbegu yake kwenye udongo wa baridi inakaa tu inaoza. Chuo kikuu cha Iowa State wanaonyesha joto la udongo kwenye mtandao, kaunti kwa kaunti, kina cha inchi 4. Ukiona udongo umekaa 60 au zaidi siku kadhaa mfululizo, na utabiri wa siku 7 hauna usiku wa chini ya 40, panda. Bamia mpe hata wiki nyingine juu yake.

Sasa jinsi ya kujua usiku wa barafu. Utabiri ukisema usiku 36 unaweza kufikiri uko salama kwa sababu 36 ni zaidi ya 32. Hauko salama. Kipimajoto cha utabiri kinakaa juu kama urefu wa mtu, na hewa ya baridi ni nzito, inalala chini kwenye majani ya mche wako. Angalia vitu viwili kwenye ile grafu, mawingu na upepo. Anga ikiwa wazi na upepo umekufa, 36 inatosha kuua nyanya. Mawingu yakiwepo au upepo unatembea, 36 hiyohiyo haifanyi kitu. Simu ikikuandikia Frost Advisory ni umande wa barafu, ikiandika Freeze Warning ni kuganda kwenyewe.

Kufunika, tumia shuka kuukuu au kitenge kilichochoka, siyo nailoni inayogusa majani maana pale inapogusa ndo panapoungua. Funika kabla jua halijazama ili joto la udongo libaki ndani, shuka ishuke mpaka chini ardhini pande zote uwekee mawe, na asubuhi jua likitoka ifunue, usiiache ukaenda kazini ukarudi jioni umepika mboga shambani.

Radi kali na tonado

Sehemu hii isome hata kama zile nyingine umeruka.

Watu wanasema tonado ni za mwezi wa tano na wa sita. Ni kweli nyingi ziko hapo, ila tarehe 5 Machi 2022 tonado ya kiwango cha EF4, kwenye kipimo kinachoanzia EF0 na kuishia EF5, ilipita karibu na Winterset, hapo tu kusini-magharibi mwa Des Moines, ikaua watu 6 katika kaunti ya Madison. Mwezi wa tatu tarehe tano, watu bado wana makoti. Tarehe 21 Mei 2024 nyingine ya EF4 ikapasua katikati ya mji wa Greenfield. Kwa hiyo msimu ukianza, umeanza.

Wanaotabiri hizi ni Storm Prediction Center, wako Norman, Oklahoma. Wana ramani ya leo, kesho, kesho kutwa, na nyingine mpaka siku ya nane. Viwango ni vitano, 1 ni kijani iliyokolea, 2 njano, 3 machungwa, 4 nyekundu, 5 zambarau inayoelekea pinki. Siku ya Greenfield tulikuwa kwenye 4. Mimi kwenye 1 naendelea na maisha, 2 nachaji simu na naangalia tena jioni, 3 nahakikisha kila mtu nyumbani anajua mwenzake yuko wapi jioni hiyo, 4 na 5 sipangi safari kabisa na kama ni kikao cha ukoo tunakihamisha. Lakini kijani ya 1 nayo imeshaleta tonado, kwa hiyo usizime simu.

Ramani ya leo wanaibadilisha mara tano, kwa saa zetu za springi ni saa saba usiku, saa mbili asubuhi, saa tano na nusu asubuhi, saa tisa mchana na saa mbili usiku. Angalia ile ya saa mbili kabla hujatoka, na ile ya saa tano na nusu kwenye lanchi, hapo mara nyingi wanakuwa wameshaona hewa ya siku hiyo imekaaje. Ukiona umepandishwa kutoka 2 kwenda 3, wana sababu.

Sasa maneno mawili ya kwenye simu. Watch maana yake mazingira ya tonado au radi kali yapo, eneo ni kubwa, kaunti nyingi, masaa kadhaa. Hapo unajiandaa, viatu karibu, simu imechajiwa, watoto hawaendi mbali. Warning maana yake imeonekana au rada imeiona, na wewe uko kwenye njia yake, una dakika. Hapo hutoki barazani kupiga video. Unashuka besimenti. Kama huna besimenti, sakafu ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha, bafu au kabati la nguo au chini ya ngazi, jifunike godoro, watoto vaeni helmeti za baiskeli. Mnaokaa apatimenti za ghorofa ya tatu, ongea na jirani wa chini leo, siyo siku hiyo, muulize kama mtaweza kugonga kwake. Na mnaokaa kwenye nyumba za treila, msisubiri Warning, ondokeni kwenye Watch, nendeni kwa ndugu mwenye besimenti, maana treila hata ikifungwa vipi haihimili.

Bibi na mama wasiosoma Kiingereza tusiwasahau. Zile jumbe za dharura zinakuja kwa Kiingereza, simu inalia vibaya, bibi anadhani imeharibika anaizima. Mkae naye mumsikilizishe ule mlio kwenye YouTube, mkubaliane ukilia springi na hakuna mtu nyumbani yeye anashuka chini na wajukuu, mambo ya kuuliza ni nini baadaye. Kwenye iPhone ingia Settings, halafu Notifications, shuka mpaka chini kabisa uhakikishe Emergency Alerts imewashwa. Wengine waliizima siku ile ilipowashtua usingizini.

Kitu kingine, onyo la radi kali la kawaida, la upepo wa maili 58 au mawe ya inchi moja, halilizi simu. Simu inalia kama upepo unatarajiwa kufika maili 80 kwa saa au mawe yana upana wa inchi 2.75. Kwa hiyo simu ikilia kwa sababu ya radi tu na siyo tonado, usiseme aah ni mvua. Ile derecho ya tarehe 10 Agosti 2020 iliyoangusha miti ya Cedar Rapids na kuacha watu siku nyingi bila umeme haikuwa tonado, ilikuwa ni upepo wa radi ulionyooka. Shuka chini vilevile.

Radi ya kawaida nayo ina sheria yake fupi, ukisikia mngurumo ingia ndani, na usirudi uwanjani mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Makocha wa watoto wanajua, wazazi ndo wanaolalamika.

Ving'ora vya mtaani vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje. Ukiwa umelala, madirisha yamefungwa, feni inazunguka, usivitegemee. Na kila kaunti ina siku na saa yake ya kuvifanyia testi, uliza mahali unapokaa ni lini, la sivyo siku ya testi utawabeba watoto bure.

Sisi wa nait shifti tunaolala mchana, na nyie mnaolala usiku mzito, nunueni redio ya hewa, inaitwa NOAA Weather Radio. Inauzwa kwenye maduka makubwa ya kawaida, inashika masafa kati ya megahezi 162.400 na 162.550, inakaa kimya mpaka kuwe na onyo ndo inapiga kelele. Weka betri ndani hata kama imechomekwa ukutani, kwa sababu umeme unaweza kukatika kabla radi haijafika. Halafu wakati wa kuiseti ingiza namba ya utambulisho (code) ya kaunti yako peke yake, namba yenyewe iko kwenye weather.gov, maana ukiiacha ilivyotoka dukani itakuamsha kwa ajili ya watu wa kaunti za mbali huko na wiki ya pili tu utaichomoa.